Mwigo wa Dhihaka katika Senema na Televisheni ya Kiswahili

Mwigo wa dhihaka ni sanaa ya kuiga jambo linalojulikana, liwe wimbo, hotuba, taarifa au namna ya kusema, na kulikuza hata likachekesha. Sharti lake la kwanza ni kwamba mtazamaji awe analijua lile linaloigwa. Asiyelijua haoni mzaha wowote. Kwa hiyo historia ya mwigo huu ni historia pia ya mambo ambayo watu wengi waliyajua kwa pamoja, na katika hayo lugha ndiyo ya mbele.

Mzizi wake wa kale ni utani. Mhehe na Mgogo waliigana lafudhi na desturi pasipo kugombana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kulipiza papo hapo. Malipizano hayo ndiyo yaliyoondoa uchungu wa dhihaka.

Senema ilikuja na tabia nyingine. Jaribio lililofanywa Vugiri, katika Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, lilikuwa la mafundisho, na maelezo ya Kiswahili yaliwekwa katika sahani za santuri. Mwaka 1952 ilitokea Muhogo Mchungu, ambayo ndani yake aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika miaka kumi baadaye. Habari zake ni za mtu wa shamba ajaye mjini, naye ni yule yule mshamba aliyechekwa katika vichekesho vya jukwaani. Kicheko hiki kilitoka mjini kwenda shamba. Mchekwaji hakuwa na njia ya kujibu.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, sanaa hii ilipata mlango mpana. Katika miaka ya 2000 kundi la Ze Comedy, lililoonyeshwa na EATV, liliiga taarifa ya habari, nyimbo za vijana na semi za wakubwa. Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa. "Ze" ni neno la Kiingereza katika kinywa cha yule asemaye zahabu badala ya dhahabu. Kundi lilipohamia TBC1 liliitwa Orijino Komedi, na hapa tena l ya mwisho ya Kiingereza imesikiwa kuwa irabu o. Dhihaka ya majina haya ina makali pande mbili: yamcheka asiyejua Kiingereza, na papo hapo yaicheka fahari ya Kiingereza chenyewe. Kenya nako, kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Moi katika televisheni angali madarakani. Kicheko kikapanda kutoka chini kwenda juu.

Thamani ya jambo hili yaonekana vema mahali kama Mbalizi, mji mdogo ulio magharibi ya Mbeya katika njia kuu iendayo Tunduma, ambako Msafwa, Mmalila, Mnyiha na Mnyakyusa huelewana kwa Kiswahili. Mtazamaji wa huko acheka mwigo wa taarifa ya habari kwa sababu mtindo wa taarifa ameuzoea tangu siku za redio. Kicheko chake ni ushahidi kwamba Kiswahili sanifu kimefika. Lakini Kinyakyusa hakina r wala z, na anayesema "habali" huenda akajikuta yeye ndiye mzaha. Sokoni angemjibu mtani wake. Kioo cha televisheni hakijibiwi.

Charlie Chaplin, katika The Great Dictator ya mwaka 1940, alimwiga Hitler kwa maneno yasiyo na maana yenye sauti za Kijerumani, na kila mtu akaelewa. Sauti ile ile ya lugha yaweza kumshusha mtawala mkali, au kumnyamazisha mwanafunzi mbele ya darasa. Tofauti haimo katika sauti. Imo katika cheo cha anayeigwa na nafasi yake ya kujibu.

Kwa hiyo michezo hii yafaa kuhifadhiwa na kuandikwa kwa hati ya matamshi, pamoja na kutajwa nani anamwiga nani. Kamusi hazitunzi lafudhi, wala sarufi hazielezi kwa nini watu walicheka. Mwigo wa dhihaka watunza yote mawili, na kanda zikipotea, sura moja ya historia ya Kiswahili itakuwa imepotea pamoja nazo.