Magome, Merikani na Mitumba: Nguo za Mwambao wa Kigoma

Kijiji cha Mwamgongo kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Kwa vizazi vingi nguo za dukani zimefika huko kwa njia ya maji. Zamani, hata hivyo, nguo katika mwambao huu ilitoka kwenye mti.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Ujiji, kando ya ziwa, Februari 1858, waliwakuta wenyeji wengi wamevaa ngozi au mbugu, yaani nguo ya magome. Fundi alibandua gome la ndani la mti wa jamii ya mkuyu, akalilowesha, kisha akaligonga kwa nyundo ya mbao mpaka likatanuka na kulainika. Shina lilifungwa majani ya mgomba, likaota gome jipya. Mti haukukatwa. Ufundi huo ungali hai Uganda, na mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu.

Mbugu ilishindwa na merikani. Kitambaa hicho cha pamba, kizito na kisichotiwa rangi, kilifumwa Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani. Kutoka pwani wapagazi walikibeba kupitia Tabora hadi Ujiji. Kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Njia nzima kililipa hongo (ushuru wa kupita), chakula na ujira.

Pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, wenyewe wana wa Afrika. Huku ziwani, kitambaa hicho hicho kilinunua pembe za ndovu na watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya Marekani, viwanda vya Uingereza na Bombay viliingia sokoni, na bidhaa yao nayo ikaitwa merikani.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, mizigo ikatoka mabegani mwa wapagazi. Baada ya uhuru serikali ilitaka pamba ya Tanzania ifumwe nchini. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Miaka ya mwanzo ya 1980 nguo ziliadimika madukani. Biashara ilipolegezwa katikati ya muongo huo, mitumba ikamiminika.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vyao. Marekani ilitishia kuziondolea nafuu ya ushuru katika soko lake. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Tanzania ilirudi nyuma. Mnunuzi wa Kigoma anayechagua shati la mtumba huokoa nguo ambayo ingetupwa, lakini humnyima kazi mfumaji wa hapa nchini. Kitenge kinachovushwa kutoka Kongo humpa kazi fundi cherehani, ingawa mara nyingi nacho kimefumwa ng'ambo.