Jina Moja, Spishi Nyingi: Utambuzi wa Samaki na Historia ya Sangara kutoka Ziwa Albert hadi Ziwa Viktoria

Utangulizi

Neno papa katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Wanasayansi wamekwisha kuainisha zaidi ya spishi 500 za papa duniani, kuanzia potwe, ambaye ni samaki mkubwa kuliko wote, hadi papa wadogo wa kina kirefu wasiozidi urefu wa kiganja. Wavuvi wa pwani huwatofautisha kwa majina ya ziada, lakini mipaka yao hailingani na ya maabara kila mara. Papa upanga, kwa mfano, huhesabiwa na wanasayansi katika kundi la taa. Msomaji wa Arua, aliye mbali na bahari, anaweza kuliona suala hili kuwa la watu wa pwani. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Swali la nani ametofautishwa na nani amejumlishwa limeathiri sana historia ya maziwa ya Uganda, na samaki aliye katikati ya historia hiyo alitoka katika maji ya Naili Magharibi.

Samaki wa chini ya maporomoko

Mto Naili hutoka Ziwa Viktoria, hupitia Ziwa Kyoga, kisha huanguka katika Maporomoko ya Murchison kabla ya kufika Ziwa Albert. Kwa karne nyingi maporomoko hayo yalikuwa mpaka ambao samaki hawakuweza kuupanda. Chini yake, katika Ziwa Albert na katika mto unaoelekea Pakwach na Rhino Camp, waliishi sangara, ngasia na angara. Juu yake, sangara hakuwapo.

Mwaka 1928 E. B. Worthington aliyachunguza maziwa ya Albert na Kyoga, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1929. Wavuvi walimjua sangara zamani kabla yake. Jambo jipya lilikuwa namna alivyomgawa. Aliwatenga sangara wa Ziwa Albert na wale wa Naili, akawapa jina la Lates albertianus. Alibainisha pia sangara wadogo wenye macho makubwa waishio mbali na ufuko, ambao leo huitwa Lates macrophthalmus. Baadaye wataalamu walilifuta jina la albertianus na kumrudisha samaki huyo ndani ya Lates niloticus. Kwa mwanahistoria, badiliko hilo si dogo. Maandiko ya miaka ya 1950 na 1960 yanamtaja samaki kwa jina ambalo halitumiki tena, na anayetafuta jina la sasa peke yake atayapita mabishano yenyewe bila kuyaona.

Uhamisho na mabishano

Mabishano hayo yalihusu pendekezo la kumpeleka sangara Ziwa Viktoria. Waliounga mkono walisema ziwa hilo limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi na bei ndogo, na kwamba sangara angewageuza kuwa nyama yenye thamani. Waliopinga, akiwamo Geoffrey Fryer katika makala yake ya mwaka 1960, walionya kwamba matokeo ya kumwingiza mla samaki mkubwa katika ziwa lisilomjua hayawezi kutabirika wala kurekebishwa. Kyoga alikuwa amekwisha kupandikizwa katikati ya miaka ya 1950. Mwaka huohuo wa 1960 sangara alinaswa Ziwa Viktoria, kabla ya upandikizaji rasmi wa mwaka 1962 na 1963. Mjadala ulikuwa ungali mezani, samaki yuko majini.

Furu: jina lililoficha mamia

Furu, ambao Waganda huwaita nkejje, walikuwa kwa soko samaki wa aina moja. Kwa kweli walikuwa takribani spishi 500, idadi inayokaribia ile ya papa wa bahari zote. Wengine walikula konokono, wengine mwani, wengine mayai ya samaki wenzao. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja kilichoanzishwa mwaka 1947, alianza kuwatenganisha mmoja mmoja kwa kutazama meno na taya. Kazi hiyo ilihitaji miongo.

Hesabu za uvuvi hazikusubiri. Utafiti wa nyavu za kukokota wa 1969 hadi 1971 uliwaonyesha furu kuwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini, na katika miaka ya 1970 Mwanza ikapata kiwanda cha kuwasaga kuwa unga. Tani zilijulikana, spishi hazikujulikana. Watafiti wa Leiden walipoanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, sangara alikuwa akikaribia kuenea kote. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ametawala, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka. Uchafuzi wa maji ulichangia pia. Nyingi zilitoweka zikiwa na majina ya muda tu katika madaftari ya watafiti.

Haki inataka isemwe kwamba sangara alileta ajira, viwanda na fedha za kigeni, na maelfu ya familia huishi kwa mgongo wake. Hoja ya makala haya si kwamba alikuwa laana. Hoja ni kwamba uamuzi ulipimwa kwa mizani isiyokamilika: upande mmoja kulikuwa na samaki mwenye bei, na upande wa pili neno moja lililoficha mamia.

Hitimisho

Mizani hiyo bado inatumika, na sasa imefika kwetu. Katika Ziwa Albert samaki wakubwa wamepungua, na sehemu kubwa ya uzito wa samaki wanaovuliwa leo ni wadogo wanaonaswa usiku kwa taa, yaani muziri na ragoge. Wachuuzi wanaowanunua Panyimur huwatofautisha kwa kutupa jicho mara moja. Muziri ni wa ziwa hilo peke yake. Ragoge yuko pia katika mito mingi ya Afrika. Wakiandikwa pamoja kama "samaki wadogo", yule asiye na kwao kwingine anaweza kupungua bila daftari lolote kuonyesha.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi hapa. Kamusi zetu zinapaswa kuyakusanya majina ya wavuvi na wachuuzi, ya bara na ya pwani, na kuyalinganisha kwa uangalifu na uainishaji wa kisayansi. Furu walipotengewa majina, wengi wao walikuwa wamekwisha kutoweka. Muziri jina analo tayari. Kilichobaki ni kuliandika.