Kujitambulisha si kuposa

Siku hizi, hasa mijini Tanzania, kijana anayekwenda nyumbani kwao mchumba wake kwa mara ya kwanza husemwa anakwenda "kujitambulisha", na wapo wanaolitumia neno hilohilo kwa posa. Naona tunapoteza tofauti yenye kazi. Kitenzi hiki kimetokana na tambua: mgeni anajifanya ajulikane, basi. Kuposa ni kuomba, na kwa kawaida mwombaji hata si kijana mwenyewe bali mshenga, aliyebeba barua na maneno ya wazee. Watakaopinga watasema lugha hukua na wazazi wanaelewa kinachokusudiwa. Hukua, kweli, lakini hapa wazazi ndio wanaochanganyikiwa: kijana kaja kusalimia, wao wanasubiri bahasha (na shangazi keshaanza kuulizia kitenge cha sare). Wala hainishawishi hoja kwamba taratibu za posa si lazima kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa kukosekana mahari. Sheria inalinda ndoa; haimwondolei mgeni wajibu wa kusema kilichomleta. Anayeposa na aseme anaposa, tena amtume mshenga.