Kovu Ndani ya Moyo: Kutoka Meza ya Maiti ya Mulago hadi Inharrime

Historia ya kupiga picha za moyo kwa mawimbi ya sauti kwa kawaida huanzia Lund, Uswidi. Huko, mwaka 1953, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliutazama moyo ukidunda kwa mashine iliyoundwa kukagua kasoro ndani ya vyuma. Lakini umuhimu wa kipimo hicho, tunachokiita eko, hauonekani popote waziwazi kama Kampala. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mwanapatholojia, alieleza ugonjwa aliokutana nao alipokuwa akichunguza maiti katika hospitali ya Mulago jijini humo: utando wa ndani wa moyo ulikuwa umegeuka kovu nene, limeziba ncha ya chumba cha chini na mara nyingi kuzikamata vali. Misuli ya moyo wa namna hii yaweza kukaza vizuri tu. Kinachoushinda ni kutanuka na kupokea damu, kwa hiyo damu hurudi ilikotoka, vyumba vya juu huvimba, na tumbo la mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, hujaa maji.

Mtu aweza kusema kwamba daktari mzoefu hakuhitaji mashine ili kujua kuwa moyo umeshindwa. Ni kweli, masikio na mikono yake vilitosha kwa hilo. Havikutosha kueleza umeshindwa kwa nini. Kifua kikuu kikiingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo, nacho huubana, huvimbisha mishipa ya shingo na kujaza tumbo maji; vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi nayo yaweza kufanana na kovu la upande wa kushoto. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa kifua kikuu kina dawa, na mfuko uliokakamaa huweza kuondolewa kwa upasuaji. Kabla ya eko, njia ya kuliona kovu kwa mtu aliye hai ilikuwa kupitisha mrija hadi moyoni, kuingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kupiga picha. Ni kazi ya hospitali kubwa, si ya zahanati, na haiwezi kupelekwa kijijini.

Eko ilikwenda kijijini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, Ana Olga Mocumbi na wenzake waliwapima watu 1,063 huko Inharrime, Msumbiji, bila kusubiri waugue kwanza. Watu 211 walikuwa na dalili za kovu kwenye picha, na kati yao waliojihisi wagonjwa hawakufika hata robo. Kumbe ugonjwa uliojulikana kwa miaka 60 kutoka wodini na mochwari ulikuwa umejulikana kwa mwisho wake tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha haisemi kovu lilitoka wapi. Minyoo, madini ya udongoni, mihogo na utapiamlo vyote vimetuhumiwa, na hakuna kilichothibitishwa. Nakubali, ila hapa kuna maswali mawili. Kwa nini moyo wa mgonjwa huyu umeshindwa? Picha hujibu. Kwa nini ugonjwa huu upo? Picha peke yake haijibu, lakini humwonyesha mtafiti watu ambao kovu lao bado ni changa, na kwa watu hao chanzo chaweza kutafutwa kabla hakijapotea chini ya madhara yake.