Mahali pa Tukio

Miongoni mwa istilahi za upelelezi zilizokwisha kukaa katika lugha yetu, iko moja ambayo kila mtu huitamka na wachache huipima, nayo ni ile inayotaja pale ambapo mtu ameuawa, nyumba imevunjwa, au jambo jingine limezuka ambalo serikali haina budi kulichunguza. Waandishi wa habari wa Kenya hupenda kusema eneo la mkasa. Wafasiri wa filamu huandika eneo la uhalifu. Na askari wa Tanzania, katika taarifa zao na katika ushahidi wanaoutoa mahakamani, aghalabu husema eneo la tukio. Mimi nashika neno la nne, mahali pa tukio, na haja yangu ni kueleza sababu, maana katika kulieleza neno itabainika pia kazi ya yule askari anayewahi kufika kabla ya wengine wote.

Uhalifu ni neno la hukumu. Asili yake ni kukhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri, na alitamkaye amekwisha kusema kwamba amri ilikuwapo na kwamba yuko mtu aliyeivunja. Lakini askari aliyeitwa usiku kwa habari ya mzee aliyekutwa amelala chini ya ngazi hajui, wala haimpasi kujifanya anajua, kama mzee huyo ameteleza, amesukumwa, ameshikwa na maradhi ya moyo au amejitoa roho kwa mkono wake. Na akiingia na dhana moja kifuani, macho yake yatatafuta yale tu yanayoiafiki, na mengine yote atayakanyaga. Mkasa nao una ladha ya hadithi. Tukio halimshitaki mtu: ni jambo lililotukia, na mengineyo yatathibitishwa na wenye kazi yao.

Sasa ama neno eneo, lililotokana na kuenea, sina ugomvi nalo, ila nasema kwamba mahali linatufaa zaidi, kwa kuwa Kiswahili kilipolipokea kutoka Kiarabu kililipa ngeli yake peke yake yenye viambishi vitatu: pa, ku na mu. Twasema humo kwa ndani, hapo kwa penye mpaka unaojulikana, na huko kwa kusikokuwa na mpaka dhahiri. Yamkini waliotunga sarufi hiyo hawakuwa na polisi, walakini walimwachia askari wetu ramani kamili ya kazi yake. Humo ndimo alimolala maiti au lilimovunjwa kabati, namo hamwingii mtu ila mpelelezi, daktari na mpiga picha. Hapo ndipo penye uga, ngazi na kichochoro, ambapo mtendaji alipita akija na akienda. Na huko ndiko waliko majirani, magari na waandishi wa habari, ambao hawana budi kuzuiwa bila ya kufukuzwa, kwani huenda shahidi yumo kati yao. Mpaka huwekwa mpana tangu mwanzo. Kuupunguza baadaye ni kazi nyepesi. Kuupanua hakufai kitu, maadamu ardhi inayoongezwa imekwisha kutifuliwa kwa viatu vya watazamaji.

Hata hivyo, uhai hutangulia mpaka. Askari afikapo hutazama kwanza kama ipo hatari iliyosalia, kisha kama aliyeanguka angali anapumua, na ikiwa angali anapumua, basi athari zote za dunia na zipotee, mradi mtu aokolewe. Asipopumua tena, na dalili za mauti zikawa bayana, ndipo askari hurudi nyuma kwa njia ileile aliyoingilia, akaichagua njia hiyo iwe ya kila ajaye baada yake, na hasa iwe njia ambayo mtendaji haelekei kuwa aliitumia. Huandika saa aliyofika, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, taa ilikuwa ikiwaka au imezimwa, harufu gani aliikuta, nani alikuwapo. Hufungua daftari la kuingia na kutoka, kila mtu jina lake, saa yake na haja yake, na mkubwa wake mwenyewe akija kutazama tu, naye huandikwa. Havuti sigara humo, hanywi maji ya mfereji wa nyumba, haendi chooni mwao, hafungui dirisha ili hewa ipite. Mvua ikitishia, alama ya kiatu iliyo uani huifunika kwa beseni.

Katika nchi zetu liko jambo moja linalomtia askari katika mashaka kuliko mvua, nalo ni sitara. Kwetu maiti haachwi wazi. Hata kabla polisi hawajaitwa, mama mmoja amekwisha kuvua kanga yake akamfunika, na ndugu wanataka wamwinue wampeleke ndani, wamfumbe macho, wamnyooshe viungo. Tendo hilo ni la heshima tupu, na askari anayelikemea kwa ukali huonekana mbele za watu kuwa hana adabu wala dini. Lakini kanga hiyo imebeba nyuzi, nywele na jasho la nyumba nyingine, na ikishamgusa marehemu huyaacha hayo juu yake na kuyachukua yaliyokuwa juu yake. Dawa yake ni turubai au shuka kusimamishwa mbali kidogo kama pazia, na kusema kwa upole, “Mama, tumsitiri kwa kuyaziba macho ya watu, ila tusimguse bado.” Naona maneno hayo yangefundishwa katika vyuo vya polisi sawa na yanavyofundishwa mambo ya bunduki.

Nimetaja athari, na neno hili nalo lina haki yake. Siku hizi twalitumia kwa maana ya madhara, lakini katika asili yake ya Kiarabu ni alama ya kilichopita, kama nyayo mchangani. Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, aliijenga elimu yake juu ya kanuni kwamba viwili vigusanapo, kila kimoja humwachia mwenzake athari. Na kanuni hiyo haimbagui askari na mwizi.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana London mwaka 1905. Tarehe 27 Machi, katika duka la rangi huko Deptford, mwenye kusimamia duka alikutwa ameuawa, na mkewe amejeruhiwa majeraha ambayo siku chache baadaye yalimwua. Sanduku la fedha lilikutwa tupu. Mkubwa wa upelelezi, Melville Macnaghten, aliuliza wote waliokuwapo kama yupo aliyeligusa, na sajini mmoja kijana akakiri kwamba alilisukuma kando ili wabeba machela wasijikwae. Hakuficha, wala hakufutwa katika hesabu: alama za vidole vyake zilichukuliwa zikalinganishwa na ile iliyokuwa ndani ya sanduku, na za marehemu vilevile, hata ikadhihirika kwamba si yao. Ilikuwa ni ya kidole gumba cha Alfred Stratton, ambaye alinyongwa pamoja na nduguye mwezi Mei mwaka uleule. Lau yule sajini angalinyamaza, wakili wa utetezi angalipata mlango mpana wa kupita.

Katika mji huohuo, mwaka 1888, Sir Charles Warren, aliyekuwa mkuu wa polisi, aliamuru maandishi ya chaki yaliyokutwa ukutani katika mtaa wa Goulston usiku wa mauaji yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofu ghasia dhidi ya Mayahudi alfajiri itakapoingia. Hofu yake haikuwa ya bure, seuze katika mtaa ule. Lakini mpaka leo hakuna ajuaye mwandiko ule ulikuwa wa nani.

Huku kwetu neno la mwisho liko mahakamani. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba kielelezo hakina budi kufuatana na maandishi yanayoonyesha kwa utaratibu wa wakati nani alikitwaa, nani alikihifadhi, nani alimkabidhi nani, nani alikichunguza, hata kikafika mbele ya hakimu. Na huo ndio tuuitao mnyororo wa utunzaji. Pete ya kwanza ya mnyororo huo imo katika daftari la askari aliyefika kwanza, na akiandika ovyo, mkemia hawezi kuitengeneza.

Basi wewe msomaji, siku utakapokutwa na tukio kabla ya polisi, msaidie aliye hai, kisha toka kwa njia uliyoingilia na usimame nje. Na kama umegusa kitu, usikifute wala usikirudishe kilipokuwa, bali mwambie askari ni kitu gani na ulikishika kwa mkono upi.