Mashine pepe: Namna ya kuziamuru bila kuketi mbele ya kila moja

KATIKA ofisi nyingi, kompyuta moja yenye nguvu hubeba ndani yake kompyuta nyingine kadhaa zisizoshikika kwa mkono. Hizo ndizo mashine pepe. Kila moja ina mfumo wake wa uendeshaji, diski yake na kumbukumbu yake, ingawa zote hutegemea vifaa vya kompyuta ile moja. Kompyuta hiyo huitwa mwenyeji, na kila mashine pepe iliyomo ndani yake huitwa mgeni.

Wazo hili lina umri mkubwa. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Mwaka 1979 mtaalamu wake, Mike Cowlishaw, alianza kubuni REXX, lugha ya kupanga amri ili zitekelezwe kwa mfululizo. Katika kompyuta za mezani, mashine pepe zilienea baada ya kampuni ya VMware kutoa programu ya Workstation mwaka 1999.

Msimamizi mwenye wageni watatu anaweza kuingia kwa kila mmoja na kuandika amri kwa mkono. Mwenye wageni 200 hawezi. Akijaribu atachoka, na aliyechoka hukosea. Hapo ndipo kazi hiyo huachiwa programu.

Njia zinazotumika

Njia ya kwanza ni ya mtandao. SSH, iliyobuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, humwezesha msimamizi kutuma amri kwa usiri hadi kwenye mashine iliyo mbali. Ansible, iliyotolewa mwaka 2012, hutumia njia hiyo kufikisha maagizo kwa mashine nyingi kwa mkupuo. Udhaifu wake ni kwamba mtandao wa mgeni ukikatika, mlango nao umefungwa.

Njia ya pili hupitia kwa mwenyeji mwenyewe. Programu ndogo husimikwa ndani ya mgeni, ikakaa ikingoja maagizo. Kwa VMware, programu hiyo ni VMware Tools, na amri hutumwa kwa vmrun. VirtualBox ina VBoxManage guestcontrol, na QEMU ina wakala wake. Microsoft nayo ilileta PowerShell Direct pamoja na Windows Server 2016, kwa wageni wanaotumia Windows. Njia hizi hufanya kazi hata mgeni asipokuwa na mtandao.

Mambo ya kuzingatia

Tuchukue mfano wa kujaribu programu mpya. Skripti humrejesha mgeni katika hali safi iliyohifadhiwa, humwasha, humnakilia faili, huendesha programu, huleta matokeo kwa mwenyeji, kisha humzima. Mpangilio huu ni mwepisi, lakini una mitego mitatu.

Kwanza, mashine kuwaka si sawa na kuwa tayari. Amri ikifika kabla programu ya ndani haijaanza kazi, hukataliwa. Skripti sharti iulize hali yake na kungoja.

Pili, programu inayouliza “Ndiyo au Hapana” itangoja jibu daima, kwa kuwa hakuna mtu mbele yake. Ni lazima iendeshwe kwa namna isiyouliza maswali, tena kwa muda wenye kikomo.

Tatu, kila programu ikimaliza hutoa namba. Kwa kawaida 0 ni dalili ya mafanikio, na namba nyingine ni dalili ya hitilafu. Skripti isiyoitazama namba hiyo yaweza kushindwa kutengeneza nakala ya akiba, kisha ikaendelea kufuta ile ya zamani. Hasara hiyo hugundulika siku nakala inapohitajika.

Usalama

Kwa kawaida vmrun hudai jina na nywila ya mgeni. Nywila ikiandikwa wazi ndani ya amri, mwingine anayeona orodha ya programu zinazoendeshwa kwenye mwenyeji anaweza kuisoma.

Hatari kubwa zaidi ilidhihirika Juni 2023. VMware ilitangaza kasoro ya VMware Tools, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-20867. Kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza kwamba wadukuzi waliokwisha kumteka mwenyeji waliitumia kasoro hiyo kuendesha amri ndani ya wageni bila nywila ya mgeni yeyote, wala wageni hao hawakuweka kumbukumbu ya tukio.

Kwa hiyo mlango unaomrahisishia kazi msimamizi humrahisishia pia mwizi aliyekwisha kuingia sebuleni. Inafaa idadi ya watu wenye mamlaka juu ya mwenyeji iwe ndogo, programu za ndani zisasishwe mapema, na njia isiyotumika izimwe. Aidha, kila amri mpya ijaribiwe kwa mgeni mmoja kwanza, kwa maana kosa lililotumwa kwa mashine 200 huwa ni makosa 200.