Shoo 4 za Kenya za kucheki kama unajua kusaka doo si mchezo

Panda mat ya 46 ya kuenda Kawangware jioni. Wasee wengi ndani wametoka kuchunga geti ya mtu, kufua nguo za mtu ama kuendesha gari ya mtu. Shoo zetu kali zimetoka hapo.

Papa Shirandula (Citizen TV, 2007). Papa ni soja, lakini mkewe Wilbroda anadhani bwana ni mtu wa ofisi. Unacheka, halafu unakumbuka vile wewe pia hudanganya kwenu kuhusu job yako. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa, alituacha Julai 2020.

The Real Househelps of Kawangware. Hapa mboch hangoji kuitwa kutoka jikoni, stori ni yake. DJ Shiti anabamba, ila utani wa lafudhi unarudiwa mpaka unachosha.

Njoro wa Uba. Ni kazi ya Philit, kampuni ya Abel Mutua na Phil Karanja. Ndoa imevunjika, Njoro anaendesha teksi, na kila mteja anaingia na shida zake. Ukiwa na usiku mmoja tu, anza na hii.

Country Queen (Netflix, 2022). Akisa amejijenga Nairobi, kurudi ocha anapata kampuni ya madini inamezea mate mashamba ya watu. Inajikokota mwanzoni, lakini ni episodi 6 tu. Vumilia, hiyo ardhi ingekuwa ya shosho yako.